Fundi wa mita wa Uyole: kazi ya swichi ya stendi, baada ya mvua kuijaribu

Kibanda chenyewe hakina kibao. Ukifika njiapanda ya Uyole, hapa Mbeya, iache barabara kuu, shika ya kwenda Tukuyu, wapite wauza viazi waliopanga ndoo zao pembeni, na upande wa kushoto utaliona kontena la bluu lililotobolewa dirisha. Mbele yake yamelazwa matairi matatu ya gari yaliyojazwa udongo na kupandwa maua. Hapo ndipo. Ukiuliza “fundi wa mita” hata wauza chai wanakuonyesha, kwa sababu yule mzee hagusi waya wa pikipiki kabla hajaupima.

Nilitaka kuandika siku ile ile niliyotoka pale, mwezi wa Machi. Nikajizuia. Huku kwetu kazi ya umeme wa pikipiki haihukumiwi siku unayoichukua, inahukumiwa na mvua. Sasa ni Juni. Nimepita Isyonje, Kiwira, Tukuyu na Kandete kwenye tope la kila namna, na kilomita zilizoongezeka tangu siku hiyo ni 2,600. Naweza kusema ninachokijua.

Mimi ni mhimilishaji wa ng’ombe, yaani nawapandisha kwa mbegu za mrija badala ya dume, ingawa wafugaji wananiita Daktari. Kazi yangu inaongozwa na ng’ombe mwenyewe: akionekana yuko kwenye joto, yaani anataka dume, asubuhi, nimfikie jioni, akionekana jioni, nimfikie kesho yake asubuhi. Nikikosa saa hizo, mfugaji anasubiri siku 21 nyingine, na kwa mtu anayelipa ada ya shule kwa maziwa, siku 21 si maneno. Nyuma ya pikipiki nabeba mtungi wa lita 3 wenye naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndani yake inaning’inia mirija ya mbegu. Mtungi huo haukazwi kifuniko, maana naitrojeni inachemka muda wote na hewa yake lazima itoke. Lazima usimame wima. Pikipiki ikilala, mtungi nao unalala, na kilichomo kinamwagika. Kwa hiyo stendi kwangu ni sehemu ya vifaa vya kazi, sawa na bunduki ya kuhimilishia. Nina hadi kipande cha ubao cha kuweka chini yake, kwa sababu udongo wa Rungwe wakati wa mvua unameza stendi ya pembeni kama uji unavyomeza kijiko.

Pikipiki ni ya cc 150, ya kabureta, ina stata na ina kiki. Niliinunua mpya mwaka 2021. Kampuni siitaji, kwa kuwa kosa nitakalolieleza si la kiwandani.

Ilianza kuugua Februari. Nikiwasha ikiwa frii, yaani bila gia, inawaka vizuri, inanguruma, naiacha ipate moto. Nikibana klachi na kutia namba moja, inazimika. Narudisha frii, inawaka. Natia gia, inazimika. Siku nyingine inakubali kuondoka, lakini nikifika kwenye mashimo inakata mara moja kama mtu aliyezima ufunguo, kisha inarudi. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikamwaga mafuta na kuweka mengine. Wapi.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakuchukua hata dakika kumi. Alifungua siti, akakata, akaunga, akafunga mkanda mweusi, akaniambia, “Dada, ugonjwa nimeutoa.” Nikalipa shilingi 5,000 na kumshukuru. Pikipiki ikawa nzima kabisa. Sikumuuliza ameutoa ugonjwa gani, naye hakuniambia. Hapo ndipo penye uchungu wangu wote: hakuniambia.

Alichofanya ni kupiga dairekti swichi ya stendi ya pembeni, yaani kuunga nyaya zake moja kwa moja ili swichi isifanye kazi tena. Kwa ambaye hajawahi kuiona: juu kabisa ya mguu wa stendi, pale unapojifungia kwenye chasisi, kuna kidude cheusi cha plastiki chenye nyaya zinazopanda kuelekea chini ya siti. Stendi ikipanda, kidude kinasema “imepanda”; ikishuka, kinasema “imeshuka”. Pikipiki ikiwa frii, injini inaruhusiwa kuunguruma hata stendi ikiwa chini. Ukitia gia huku stendi iko chini, umeme wa kuchoma plagi unakatwa na injini inazimika papo hapo. Ndivyo pikipiki yangu ilivyotoka kiwandani. Kwa miaka minne nilikuwa nimesahau kupandisha stendi mara nyingi sana, nina haraka, nina koti la mvua, nina mfugaji anayeniita kwa simu, na kila mara nilipotia gia pikipiki ilizimika, nikapiga stendi kwa kisigino, nikawasha tena. Sikuwahi kuona kuwa nasaidiwa. Mwili wangu ulishazoea kwamba ukisahau utakumbushwa. Halafu mtu akaja akaondoa ukumbusho ule kimyakimya, na mimi nikaendelea kusahau kama kawaida yangu.

Jioni moja ya Machi nilikuwa nimemaliza ng’ombe wa kwanza Isyonje, nashuka kuelekea Kiwira kwa bibi mmoja mwenye mtamba, ng’ombe ambaye hajazaa bado, aliyeonekana yuko kwenye joto asubuhi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Niliwasha uani kwa mfugaji, nikaaga, nikatia gia, nikaondoka. Haikuzimika. Nilikwenda kama nusu kilomita nikiwa mwendo wa 30 au 35 hivi, barabara inashuka na kukunja kushoto. Nikalaza pikipiki kushoto.

Stendi ya pembeni ipo kushoto, na sisi tunaendesha kushoto. Kona ya kushoto ndiyo inayokubana kwenye ukingo wa lami. Ncha ya stendi iligonga lami, tairi la nyuma likainuka likaacha barabara, na pikipiki ikakataa kona. Ilininyoosha kwenda upande wa pili, upande wa magari yanayopanda. Niliangukia goti na kiganja. Mtungi ulichomoka kwenye mikanda, ukabingirika, naitrojeni ikamwagika yote, moshi mweupe ukatanda chini barabarani hadi watu waliokuwa wakija na kuni wakarudi nyuma mbio. Mirija 14 iliharibika. Fuso la ndizi lilitokea kona ya chini nikiwa nimeshaburutwa pembeni na vijana wawili. Sijui nilihesabu nini, lakini baadaye niliambiwa nilikuwa nahesabu kwa sauti.

Niliiangalia pikipiki kabla ya kuliangalia goti. Stendi ilikuwa chini, ncha yake imesagwa upande mmoja, inang’aa, ina lami. Nikaelewa pale pale.

Yule fundi wa kwanza nilimrudia nikiwa nachechemea. Akaniambia hizo swichi wote wanazitoa, ni za usumbufu, na dereva mzuri anaangalia stendi yake. La mwisho ni kweli, sikubishana naye. Lakini aliyetoa kitu kwenye chombo cha mtu bila kumwambia hana haki ya kumfundisha uangalifu.

Mwalimu mmoja jirani yangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa mita.

Nilimkuta amekaa kwenye ndoo anakula mahindi ya kuchemsha. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza goti limefanya nini kabla ya kuuliza pikipiki imefanya nini. Nikamweleza yote. Akanawa mikono, akaisimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati ili tairi la nyuma lielee, akaniambia, “Daktari, panda. Usinionee huruma, fanya kila ninachokwambia.” Nikafanya. Frii, stendi chini, washa: ikawaka. Bana klachi, namba moja: ikaendelea kuwaka, tairi la nyuma linazunguka na stendi iko chini. Akatikisa kichwa, akasema zima. Halafu: stendi juu, gia namba moja ikiwa ndani, bana klachi hadi mwisho, bonyeza stata. Kimya. “Hiyo nayo tangu lini?” Nikamwambia pikipiki yangu haijawahi kuwaka ikiwa kwenye gia, nilijua ndivyo ilivyoumbwa. Akasema hapana, hii imeumbwa iwake kwenye gia ukiwa umebana klachi, kuna kitu kingine kimekufa.

Kwa hiyo alipata magonjwa mawili, na la pili mimi mwenyewe sikuwa nimelileta.

Alifungua siti akaikuta ile kazi ya mkanda mweusi. Aliutoa mkanda taratibu, akaachanisha nyaya, akaweka mita, ile ya mkononi yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akaiweka kwenye sehemu inayolia. Akanipa niishike mimi. “Pandisha stendi. Inalia?” Inalia, inakata, inalia. “Shusha.” Kimya. “Pandisha tena, halafu itikise.” Ikawa inalia kwa vipande vipande kama redio iliyo mbali na mnara. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya pikipiki kukata kwenye mashimo: stendi ikiwa juu swichi inatakiwa iunganishe wakati wote, na yangu ilikuwa inaunganisha na kuachia kila nikirushwa. Akanieleza kuwa zipo pikipiki ambazo swichi yake hufanya kinyume, inaunganisha stendi ikiwa chini, ndiyo maana anayekisia bila kupima anaweza kuharibu zaidi.

Aliichomoa swichi. Tope lilikuwa limekauka ndani ya pini hadi haichezi. Halafu akaonyesha kitu ambacho mimi nisingekiona: bolti inayoshika mguu wa stendi ilikuwa imelegea, na springi imevutika. Mguu ulikuwa ukicheza, haubonyezi pini sawasawa hata pini ingekuwa safi. Angebadilisha swichi peke yake, ningerudi kwake ndani ya mwezi.

Aliniwekea machaguo mawili wazi. Aisafishe ile ile kwa petroli na brashi, apulize spreyi ya kusafishia umeme, shilingi 5,000, na hakunihakikishia kuwa itavuka Aprili. Au aagize mpya. Nikachagua mpya, na yeye akasafisha ya zamani ili nifanyie kazi wakati nasubiri. Ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam siku ya nne. Alikuwa nayo swichi nyingine ya bei ndogo dukani, ameining’iniza palepale, na hakuniuzia. Alinionyesha kuwa mpira wake wa kuzuia maji ni mgumu kama kucha na waya wake ni mwembamba. Fundi anayekataa kukuuzia kitu alicho nacho mkononi simwoni kila siku.

Wakati anafunga, nilimuuliza hiyo habari ya kuwasha kwenye gia. Akachukua boksi tupu la spea, akalipasua, akachora kwa kalamu ya risasi. Ninalo hadi leo, nimelipiga picha pia. Alichora milango mitatu: frii, klachi, stendi. Stata haipati umeme mpaka mojawapo ya njia mbili ifunguke. Njia ya kwanza ni frii: taa ya kijani ikiwaka, bonyeza, inawaka, haijalishi stendi iko wapi. Njia ya pili ni gia ikiwa ndani, lakini hapo lazima milango miwili ifunguke kwa pamoja, klachi imebanwa na stendi imepanda. Chini ya mkono wa klachi, kushoto, kuna swichi ndogo. Yangu ilikuwa imeota kutu ya kijani. Ndiyo maana njia ya pili ilikuwa imefungwa kwangu miaka yote bila mimi kujua, labda tangu mvua za mwaka wa kwanza.

Akaongeza alama moja ndogo kati ya njia hizo mbili, dayodi, kazi yake umeme usirudi kinyumenyume. Ikifa, unaweza kubana klachi ukaona taa ya kijani ya frii inawaka na huku gia iko ndani. Nimeandika hilo kwa makusudi, kwa sababu taa hiyo ndiyo wengi wetu tunaiamini kuliko mguu wetu. Ukiona inawaka na kuzima kwa kufuata mkono wa klachi, usiibonyezee stata. Nenda ikapimwe.

Kwa nini nalijali hili la kuwasha kwenye gia? Kwa sababu ya mpando wa kwenda Isyonje. Mwaka jana pikipiki ilinizimikia katikati ya mpando, lori liko nyuma yangu linapumua, mimi nimeshika breki ya mbele kwa mkono wa kulia, mguu wa kushoto unatafuta frii. Namba moja, namba mbili, namba moja, namba mbili. Frii haipatikani pikipiki ikiwa imesimama na mzigo unaivuta nyuma. Lori lilikuwa la mtu mstaarabu, likasubiri. Ningekuwa na swichi ya klachi nzima, ningebana klachi, nikabonyeza stata na kuondoka ndani ya pumzi mbili. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake: pikipiki ikikuzimikia kwenye mpando au njiapanda, breki imeshikwa, klachi imebanwa hadi mwisho. Asubuhi nyumbani nawasha frii.

Na asubuhi za kwetu ndiyo sababu. Huku Uyole mwezi huu unaamka na ukungu, na ukipanda kuelekea Kitulo majani yana barafu alfajiri. Oili ikiwa baridi inakuwa nzito, na sahani za klachi zinagandana. Unabana klachi, unadhani umeziachanisha, kumbe bado zimeshikana. Ukibonyeza stata kwenye gia, pikipiki inaruka mbele hata kama klachi umeibana. Nilijaribu siku ya kwanza baada ya matengenezo, uani kwangu saa kumi na mbili asubuhi, ikaruka hatua moja, nikaishika. Nikampigia simu mzee. Akasema: kabla ya kuwasha, tia gia, bana klachi, isukume mbele na nyuma mara nne au tano mpaka uisikie imeachia, kisha rudisha frii ndipo uwashe. Nafanya hivyo kila asubuhi ya baridi, na hata gia ya kwanza haigongi tena kama nyundo.

Kuhusu kiki alinieleza jambo lililonifungua macho. Pikipiki nyingine kiki yake inapitia gia za boksi, hizo lazima ziwe frii ndipo zipigwe. Nyingine inapitia upande wa injini kabla ya klachi, hizo ukibana klachi unaweza kupiga kiki ukiwa kwenye gia yoyote. Yangu ni ya pili. Lakini stendi ikiwa chini na gia iko ndani, utapiga kiki mpaka jasho likutoke, haitawaka, maana plagi haina moto. Kuna watu wamebadilishiwa koili na CDI, vifaa vinavyoipa plagi moto, kwa sababu hiyo tu.

Na pikipiki nyingi za bodaboda zinazobeba watu hapa mjini hazina kabisa swichi ya klachi. Ukibonyeza stata gia ikiwa ndani, inaruka na wewe, au inaruka bila wewe kama umesimama pembeni. Mimi naegesha kwenye miteremko kila siku, na kwenye mteremko unaacha gia ndani ili pikipiki isijisukume ikatoka kwenye stendi yake. Uani kuna watoto, wanapenda vitufe. Fikiria mtoto anabonyeza. Kwangu, gia ndani na stendi chini, haiwaki. Baada ya kulala usiku mmoja nikiliwaza hilo, sikuhitaji mtu anishawishi tena.

Nyuma ya kontena mzee ana Honda ya zamani, ya miaka ya 1970, haina swichi yoyote ya stendi. Ncha ya stendi yake ina ulimi wa mpira unaochomoza chini. Ukisahau kuipandisha, ulimi ndio unaogusa barabara kwanza, barabara inauvuta, stendi inajikunja yenyewe kurudi juu. Alinionyesha kwa kuisukuma taratibu juu ya zege, ikajikunja kweli. Mpira ukiisha unabadilishwa. Nimeipenda akili ile. Nilimuuliza kama anaweza kunitengenezea na mimi, akasema mpira wa kubuni ukikosea urefu unaweza kukuangusha wenyewe, kwa hiyo hapana.

Bei niliyolipa: swichi 22,000, usafiri wa basi 3,000, springi na bolti 6,000, kazi yote pamoja na kusafisha swichi ya klachi 12,000. Jumla 43,000. Ukilinganisha na 5,000 ya kukata waya ni nyingi. Ukilinganisha na mirija 14, naitrojeni, goti na siku sita nilizokaa nyumbani, si nyingi.

Sasa mapungufu yake, maana yapo. Hatoi risiti. Mimi madai yangu ya matengenezo yanahitaji risiti, na nilibaki na karatasi ya daftari yenye sahihi yake, ambayo haikukubaliwa. Jumamosi hafungui kabisa, ni Msabato, na Ijumaa jioni anafunga mapema. Panga safari yako kwa kulijua hilo. Hakuna pa kukaa mteja zaidi ya ndoo, na mvua ikinyesha mnabanana wote ndani ya kontena na mafuta machafu. Ana polepole ya mtu asiyetaka kurudia kazi, kwa hiyo usimpelekee pikipiki saa tisa ukitarajia kuondoka nayo saa kumi.

Na kazi yenyewe haikuwa bila doa. Kijana anayejifunza pale ndiye aliyefunga nyaya za swichi mpya kwenye chasisi, na aliukaza mkanda wa plastiki karibu mno na bomba la moshi. Wiki ya pili uliyeyuka, waya ukaning’inia. Niliuona kwa bahati wakati naosha. Niliporudi, mzee hakubishana. Alimwita kijana, akamwonyesha, akamfanya aufunge upya kwa kupitisha juu ya bracheti, bila malipo, na nikasubiri muda mrefu kuliko kazi ilivyostahili kwa sababu alimfanya afungue na kufunga mara tatu.

Swichi mpya imevuka mvua. Naisugua kwa mswaki wa zamani kila Jumapili, tone la oili kwenye bolti ya mguu, na wanaonioshea pikipiki nawakataza kuipiga kwa maji ya presha pale. Halafu naifanyia jaribio lile alilonifundisha: stendi ya katikati, frii, washa, bana klachi, tia gia, shusha stendi ya pembeni kwa mguu. Lazima ife. Isipokufa, siendi popote.

Tangu Machi nimesahau stendi mara tatu ninazozikumbuka. Ya kwanza Tukuyu sokoni. Ya pili nyumbani kwangu. Ya tatu ilikuwa kwa yule bibi wa Kiwira ambaye mtamba wake ulikosa zamu siku niliyoanguka. Siku 21 baadaye ulionekana tena, nikaufikia kwa wakati, na wiki iliyopita nilikwenda kuupima: una mimba. Bibi alinifungia mkungu mdogo wa ndizi juu ya tangi, akasema ndaga, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na watoto wote wa uani wakasimama kuniaga. Nilikaa, nikawasha, nikatia namba moja. Ikazimika.

“Imeharibika tena, mwanangu?”

“Hapana, bibi. Ni stendi.”

Nikaipandisha kwa kisigino, nikabana klachi, nikawasha hapo hapo gia ikiwa ndani, nikatoka getini nikakunja kushoto.